Wanagenzi, nyufa nyingi hazianzii motoni

Vyungu vikitoka vimepasuka, lawama ni zilezile: kuni mbichi, upepo, moto wa leo mkali. Wanangu, kigeuzeni chungu mtazame ufa umepita wapi kabla ya kusema lolote.

1. Pimeni udongo. Viringisha kamba nene kama kidole uizungushe kwenye kidole gumba. Ikikatika, udongo hauna mnato. Kisha tengeneza kipande bapa, weka alama mbili zilizoachana sm 10, kikauke kabisa, upime tena. Zikiwa chini ya sm 9, udongo unasinyaa mno: ongeza vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, kibaba kimoja kwa vinne vya udongo. Mchanga wa ufukweni achaneni nao kabisa. Una chembe za makombe, moto huzigeuza chokaa, na chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewani, ikavimba na kubandua ganda la chungu siku kadhaa baadaye, mteja keshakibeba kwenda kwake.

2. Kukausha. Hapa ndipo mnaponiumiza roho. Maji yakitoka, chembe za udongo husogeleana na chungu kizima hupungua. Mdomo hupigwa na hewa ndani na nje, kwa hiyo hutangulia kukauka na kukaza. Kitako kimekalia ubao, bado kibichi. Zamu yake ya kupungua ikifika, ubavu hausogei tena, nacho huvutwa pande zote mpaka kikapasuka katikati. Kama kimenata kwenye ubao, ndiyo balaa zaidi. Basi nyunyizeni majivu juu ya ubao kabla ya kufinyanga. Ukimaliza, funika mdomo kwa kitambaa chenye unyevu. Chungu kikiweza kujibeba bila kubonyea, kipindue, kwangua kitako kilingane na ubavu (mm 8 hadi 10 kwa chungu cha kupikia), kisha kigongegonge kwa jiwe laini udongo ushikamane. Kiacheni kivulini, mbali na mlango wenye upepo, wiki nzima. Masika, wiki mbili. Jua ni la siku ya mwisho tu. Na kabla ya kukichoma kiwekeni shavuni: kikiwa cha baridi, maji bado yamo.

Tena, nani aliwafundisha kuziba ufa mkavu kwa udongo mbichi? Kiraka kitasinyaa, ubavu hausinyai tena, kesho ufa uko palepale. Kivunje ukiloweke. Udongo ambao haujaonja moto haupotei.

3. Maungio: chanjeni pande zote mbili, pakeni uji wa udongo uleule, bonyezeni. Masikio yaungwe yakiwa na unyevu sawa na chungu.

4. Moto. Nyuzi 100 maji huwa mvuke, na mvuke uliokosa njia hukilipua chungu. Vipangeni kuzunguka moto mdogo kwa saa mbili au tatu, mkivigeuza, mpaka visishikike kwa mkono mtupu. Ndipo muvirundike na kuni. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo ndani ya udongo hutanuka ghafla, na moto ukishuka hunywea vivyo hivyo. Kwa hiyo msifukue majivu jioni kwa haraka ya kuwahi soko. Asubuhi vigongeni kwa kifundo cha kidole: kinacholia kwa sauti kali ni kizima, chenye sauti butu kina ufa hata kama hamuuoni. Hicho kitwangwe, vigae tunavihitaji.