Mwanangu, yule kijana hana chuma ulete

Mbukwa mwanangu,

Meseji yako niliiona nimeshazima taa, nikaisoma usingizi ukakata, maana uliyoniuliza sio ya kujibu kwa mistari miwili. Unasema kwenye sendoff ya mwenzenu wa ofisini mlikaa meza moja na kijana mmoja, akatoa sarafu ya mia tano akaishika akaipuliza ikapotea, alafu akatoa karata ukakata mwenyewe na akakutajia saba ya kopa kabla hujaifunua. Jumatatu ofisini maneno yameanza, eti ana chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za wenzio, na dada wa kantini hapokei tena hela kutoka mkononi mwake anamwambia weka hapo mezani. Ukauliza alifanyaje wakati ulikuwa unamkodolea macho muda wote, na je wanayosema yana ukweli.

Hayana ukweli. Ile ni mikono, na ni kazi ya mazoezi mengi sana, na mimi najua kwa sababu nimelelewa nyumba moja na mtu wa hiyo kazi, mjomba wako mkubwa, ambaye nyie mmemkuta mtu mzima wa alizeti na mbuzi hamjui alikotoka. Nikiwa darasa la nne kule Mpwapwa walikuja watu wa mazingaombwe shuleni, darasa likazibwa madirisha kwa kanga, tukalipa kiingilio, tukatoka hatuna la kusema. Wenzetu wakaenda kusimulia majini. Mjomba wako akaenda kuokota kifuniko cha soda, na kuanzia siku hiyo akienda kuchunga mbuzi kifuniko kiko mkononi, jioni ananikalisha mimi niangalie nimwambie nimeona wapi. Nilikuwa ndo kioo chake, miezi na miezi, kwahiyo najua ndani na nje.

Sarafu ilivyopotea nakwambia sasa hivi. Anaishika kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, unaiona vizuri kabisa. Mkono wa kulia unakuja kuichukua, kidole gumba kinapita nyuma yake na vidole vingine mbele, hapo kwa nusu sekunde sarafu inafichika, na hapohapo kushoto anailegeza inadondokea kwenye vidole vyake vya chini. Mkono wa kulia unafunga ngumi unaondoka mtupu. Basi, ndo hiyo. Ukiambiwa hivi unaona ni kitu cha mtoto, lakini ngoja, maana mkono sio kazi yenyewe. Kazi yenyewe ni macho. Wakati mkono wa kulia unaondoka yeye mwenyewe anaufuata kwa macho, anaamini kwamba sarafu imo mle, na we ukiwa binadamu uliyelelewa na watu unaangalia anapoangalia mwenzio, huwezi kujizuia, mtoto mchanga tu ukigeuza uso na yeye anageuza. Na kushoto kule kwenye sarafu mkono unashuka taratibu, umelegea kama wa mtu aliyechoka, hamna anayeujali. Mjomba alikuwa anasema mkono unaoficha ukikakamaa umekwisha, watu wanausikia hata kama hawauoni.

Sasa we unasema hukubandua macho. Nakuamini kabisa, na bado haikusaidii. Nyoosha mkono wako mbele uangalie ukucha wa kidole gumba. Sehemu ambayo jicho linaona kwa ukali kweli ni kama ukubwa ule, kwingine kote ni ukungu ukungu tu ila ubongo unakujazia unaona kama picha nzima iko wazi. Na haukujazii nafasi tu, unakujazia na kitakachofuata, maana kuona kunachelewa kidogo na ubongo hausubiri, unakisia. Mkono umeenda kwenye sarafu, vidole vimefunga, basi kwako sarafu imechukuliwa, umeiona inachukuliwa, na ungeapa.

Hili limepimwa. Mwaka 1900 Norman Triplett huko Marekani aliwarushia watoto wa shule mpira juu mara kadhaa, mara ya mwisho akafanya tu ishara ya kurusha, na karibu nusu ya wale watoto wakasema wameuona mpira ukipaa na kupotea hewani. Mpira ambao haukurushwa! Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land wakairudia Uingereza kwa vidio, wakawawekea watu mashine ya kufuata macho yanaangalia wapi. Mchezaji alipoangalia juu kana kwamba anaufuata mpira, karibu theluthi mbili ya watu waliuona unapaa, alipobaki anaangalia mkono wake wakapungua hadi kama theluthi moja. Na kitu kilichonigusa mimi ni kwamba macho ya wengi wao hayakwenda kule juu walikodai mpira ulifika, yalikuwa yanarudi usoni kwa mchezaji. Yaani jicho lenyewe halikudanganyika, aliyedanganyika ni mwenye jicho. Sisi tunasema kupigwa changa la macho, lakini mchanga wenyewe hauingii machoni, unaingia nyuma ya macho.

Karata. Hapo umeniandikia "mama hakuzigusa kabisa, nilikata mwenyewe". Nikakupigia asubuhi nikakuuliza, ulipokata nani alirudishia lile fungu lingine juu? Ukanyamaza kidogo ukasema aa, yeye, aliliweka kimsalaba ili pasipotee ulipokatwa. Eeh. Saba ya kopa ilikuwa juu kabisa ya karata zote tangu anazitoa mfukoni. We umenyanyua fungu la juu ukaliweka mezani, na saba iko juu yake, yeye akachukua fungu la chini akalilaza juu ya lako kimsalaba. Kama angesema hapohapo haya funua ulipokata, ungeweza kushtuka, ungesema hapana hiyo ilikuwa ya juu. Kwahiyo akaanza stori, akakuuliza jina, akauliza wewe ni mtu wa kuamua haraka au wa kusita, mkacheka, dakika imepita, alafu ndo akanyanyua fungu akasema tuone uliyoikata. Kwenye hiyo dakika umesahau fungu lipi ni la juu na lipi la chini. Huo ndo uzugaji wenyewe. Watu wanadhani kuzuga ni kumwonyesha mtu ndege, kumbe saa nyingine ni kumpa muda tu asahau.

Alafu baadae we mwenyewe unamsaidia kazi, maana ukisimulia unasema hakuzigusa. Hujadanganya, kumbukumbu imetupa lile dogo lisilo na maana ikabakiza kwamba ulikata mwenyewe. Na unaona ulivyokua na uhakika kwamba ulichagua, hiyo ndo inafunga mlango wa kumshuku, nani atashuku alichokichagua mwenyewe?

Na kile kicheko angalia sana. Mtu akicheka analegea, mabega yanashuka, macho yanaenda usoni kwa mwenzie, hiyo ndo saa ya mkono kufanya kazi. Ndo maana hawa watu ni wachangamfu hivo, na ndo maana hawarudii kitu kilekile kwa njia ileile, maana mara ya pili unajua pa kuangalia. Houdini alikuwa akijisifu kwamba aonyeshwe kitu mara tatu tu atajua kinavyofanyika, na mwaka 1922 kule Chicago kijana anaitwa Dai Vernon akamfanyia kiini macho kimoja cha karata, akarudia, akarudia, hadi mara saba, na Houdini, bingwa wa kazi hiyohiyo, hakuambulia. Kwahiyo usijione mjinga mwanangu. Kupigwa sio ujinga, ni dalili kwamba kichwa chako kinafanya kazi kama vichwa vya watu wote.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Miaka ile we uko sekondari, mimi kwenye meza yangu pale soko la Majengo hela zilikuwa zinapungua. Sio nyingi, elfu kumi wiki hii, wiki ijayo kumi tena, nahesabu jioni haifiki. Watu wakaniambia mama funguka macho hiyo ni chuma ulete, mtu anakupa noti yake inarudi kwake na zako. Nikaanza kuangalia nani ananipa hela, na macho yangu yakaangukia kwa bibi mmoja aliyekuwa anauza ukwaju na ubuyu mbele yetu, mzee wa Chamwino, peke yake, macho mekundu ya moshi wa kuni miaka yote. Alikuwa ananinunulia karanga kibaba kimoja. Nikaanza kumwambia weka hapo mezani, vilevile kama huyo dada wenu wa kantini, tena nikawa nainyunyizia ile noti chumvi kabla ya kuigusa. Aliona. Hakusema kitu, akaacha kuja.

Siku moja mjomba wako amekuja mjini na gunia la alizeti akakaa nyuma ya meza anakunywa chai. Akaja mteja wangu mmoja, kijana mcheshi kweli, ananiita mama mkwe, akanunua kitu cha buku kwa noti ya kumi. Nikampa chenji elfu tisa, akasema aa kumbe buku ninayo, nirudishie noti yangu nikupe chenji yako. Nikampa noti, akanipa rundo, nahesabu naona ni tisa, nikamwambia imepungua buku, akasema samahani mama mkwe hii hapa, alafu palepale akaniongezea na ile noti ya kumi, akasema ziwe ishirini basi nipe noti mbili za kumi, huku anauliza maharage ya Kondoa shilingi ngapi na watoto hawajambo. Nikampa. Mjomba akaweka kikombe chini akasema dada, huyu anafanya kazi yangu. Lile rundo la elfu kumi lilikuwa langu tayari, nimeshamrudishia noti yake sekunde tano nyuma, nikalilipia mara ya pili.

Nilikuwa nahesabu, ndo nilipopigwa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira kwenye vidio, katikati akapita mtu amevaa vazi la sokwe akajipiga kifua, na kama nusu yao hawakumwona. Umakini wa mtu ni mmoja, ukiupeleka kwenye hesabu huku kwingine panabaki giza.

Bibi wa ukwaju nilimfuata nyumbani kwake na debe la karanga, nikapiga magoti. Akanisamehe, akanipikia mlenda tukala. Lakini sokoni hakurudi.

Ndo maana nimekuandikia yote haya sikukujibu tu hamna. Kuna Mwingereza mmoja, Reginald Scot, mwaka 1584 alichapisha kitabu kinachoeleza sarafu na karata na vipira vinavyofichwa mkononi, hatua kwa hatua, na sababu yake kubwa ilikuwa watu walikuwa wanashitakiwa na kuuawa kwa uchawi, wengi wao vikongwe. Miaka mia nne na zaidi, na huko ofisini kwenu mtu anaambiwa weka hela mezani.

Kwahiyo kesho nenda kanywe chai na huyo kijana, kaa nae wakuone, na hela mpokelee mkononi. Siri ya karata usiwape wenzio bila ruhusa yake, ni kazi yake ile, ila ile ya sarafu wafanyie mwenyewe wakuone mikono yako. Chukua mia tano simama mbele ya kioo, kwanza ichukue kweli, mara hamsini, uangalie mkono wako unavyokaa ukiwa nayo na macho yako yanaenda wapi, alafu ndo uanze kuiacha nyuma. Usikimbize mkono. Wanaokimbiza ndo wanaokamatwa.

Mjomba anasema ukija na treni ya Ijumaa umletee karata mpya, za kwake zimelainika hazichangiki tena.

Mama yako