Usitie saini kabla hujairudisha katalogi yenu kwenye mashine nyingine

Usitie saini mkataba huo Jumatatu, ndugu mkutubi. Umeandika kwamba chuo chenu kina vitabu elfu tisa, kwamba mtaalamu amekubali kuwawekea mfumo wa maktaba wa Koha kwenye seva atakayoikodi yeye, kwamba mtamlipa kwa mwaka, na kwamba hamna wasiwasi wowote kwa sababu Koha ni programu huria, yaani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, na kwa hiyo "ni mali yetu". Kisha ukauliza kama mchague mfumo endeshi wa Debian au wa Ubuntu, kama kompyuta sita zenye RAM ya GB 4 zitatosha, mnunue skana ipi ya msimbopau, na kama ni vyema kuhama wakati wa likizo. Nimeisoma mara tatu ile sehemu ya "ni mali yetu", kwa sababu mwaka 2016 niliitamka mimi, kwa maneno hayohayo, mbele ya kikao cha menejimenti ya chuo nilichokuwa nikifanyia kazi, na wakubwa wangu wakaniamini. Chuo kilipoteza katalogi nzima, yaani orodha ya vitabu vyake vyote.

Tulianza Oktoba 2016 kwa mpango unaofanana na wenu. Mtaalamu alikodi seva nje ya nchi kwa jina lake, akasajili anwani ya tovuti ya maktaba kwa jina lake, akaweka nywila zote kichwani mwake, na sisi tukapewa ukurasa wa kuingilia na semina ya siku mbili. Kwa miaka miwili na nusu tuliingiza vitabu 11,400. Nasema tuliingiza, ingawa kwa haki sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mama mmoja, msaidizi wa maktaba, ambaye hakuwahi kugusa kibodi kabla ya mradi ule na alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Alikuwa akibaki kila jioni baada ya wanafunzi kutoka, leja ya vitabu ikiwa upande wa kushoto na rundo la vitabu upande wa kulia, akiandika kwa vidole viwili jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji na namba ya rafu, na hakuondoka kabla ya kumaliza vitabu ishirini.

Kila Ijumaa nilipokea baruapepe iliyotumwa na seva yenyewe, ikisema kwamba nakala rudufu ya wiki, ile tunayoiita bakapu, imekamilika, na faili lake limeambatishwa. Niliziweka barua hizo kwenye folda yake, zikafika zaidi ya mia moja na ishirini, na nilipoulizwa na mkaguzi wa ndani kuhusu usalama wa kumbukumbu nilimfungulia folda ile kwa fahari. Sikuwahi kufungua hata faili moja. Mkaguzi naye hakufungua, bali aliandika katika taarifa yake kwamba utaratibu upo.

Aprili 2019 katalogi haikufunguka asubuhi. Tulidhani ni mtandao, kisha tukadhani ni umeme upande wa pili, na siku ya tatu tukagundua kwamba ankara ya seva haikuwa imelipwa kwa miezi kadhaa, ingawa sisi tulikuwa tumemlipa mtaalamu ada ya mwaka mzima kabla ya Januari kwisha na stakabadhi tunazo. Niliiandikia kampuni ya seva, ikanijibu kwa adabu kwamba mimi si mteja wake na kwamba haiwezi kuzungumza nami kuhusu akaunti ya mtu mwingine. Nilipotulia nilikubali kwamba ilikuwa na haki. Nisingependa nami mtu baki apewe seva yangu kwa kudai tu kwamba vilivyomo ni vyake. Mtaalamu alipopatikana alitaka kwanza alipwe alichokiita gharama ya uokoaji, kiasi kinachozidi ada ya mwaka, na wakati mhasibu akiulizia kifungu cha kulipia, simu ya mtaalamu ikawa haipatikani tena. Muda ambao kampuni ya seva hungoja ankara ilipwe ukapita, na seva ikafutwa.

Ndipo nilipofungua folda yangu ya Ijumaa. Faili la karibuni kabisa lilikuwa na baiti 20. La wiki iliyotangulia lilikuwa na baiti 20. Nilirudi nyuma barua kwa barua hadi mwanzoni mwa mradi, na yote yalikuwa na baiti 20, isipokuwa yale ya wiki tisa za kwanza. Faili la mwisho lenye kitu ndani lilikuwa na vitabu 640.

Naomba usome kwa makini jinsi jambo hili lilivyotokea, kwa sababu linaweza kutokea kwenu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mtaalamu aliandika amri inayoitoa hifadhidata, yaani ghala la rekodi zote, kwa programu ya mysqldump, kisha kuipitisha moja kwa moja kwenye programu nyingine, gzip, ili ibanwe ipungue ukubwa. Wakati fulani nywila ya hifadhidata ilibadilishwa, lakini ndani ya amri ile ikabaki nywila ya zamani. Kuanzia hapo mysqldump ilikataliwa mlangoni na haikutoa hata herufi moja. Gzip, kwa upande wake, ikikabidhiwa utupu huubana utupu huo vilevile na kuunda faili halali kabisa lenye baiti 20, ambazo ni kichwa na mkia wa faili bila kiwiliwili. Amri mbili zikiunganishwa namna hiyo, seva kwa kawaida huangalia kama amri ya mwisho imefaulu, na gzip ilikuwa imefaulu. Kwa hiyo seva haikudanganya ilipoandika kwamba kazi imekamilika. Ukubwa wa faili ulikuwa umeandikwa pembeni mwa kila barua, na mtu yeyote angeuona.

Usijifariji kwa kusikia kwamba Koha yenyewe huchukua nakala kila siku. Ni kweli kwamba ikiwekwa kwa vifurushi vyake vya Debian hufanya hivyo bila kuambiwa, lakini nakala hizo huziweka chini ya /var/spool/koha, yaani kwenye mashine ileile, na mashine ikiondoka huondoka nazo.

Vitabu tuliviandika upya kwa muda wa miezi saba. Vya Kiingereza vyenye ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu, vilikuwa na nafuu, kwa kuwa Koha huweza kuchota rekodi kutoka katalogi za maktaba nyingine kupitia utaratibu wa Z39.50, ukiwamo ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani; lakini vingi vya Kiswahili tulivyokuwa navyo, na ripoti zote za utafiti za wanafunzi wetu, ilibidi viandikwe kwa mkono tena. Kilichopotea moja kwa moja ni kumbukumbu za kuazima. Daftari la kuazimia tulikuwa tumelifunga mwaka wa pili kwa kuwa "tuna mfumo", na wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliondoka Julai bila sisi kujua nani ana nini. Yule mama alistaafu kazi ya marudio ikiwa nusu. Aliniuliza siku moja, bila hasira, "Mwanangu, yale niliyokuwa naandika yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sina hadi leo.

Mtaalamu namlaumu, lakini namlaumu zaidi mtoa mada wa semina moja ya TEHAMA niliyohudhuria kabla ya mradi, aliyesimama mbele ya wakutubi arobaini na kutuambia kwamba programu huria haina mwenyewe, na kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuwanyang'anya. Tulipiga makofi. Mtu anayeipenda kweli programu huria, na mimi ni mmoja wao, angepaswa kuwa wa kwanza kutuambia uhuru huo unaishia wapi. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alipoutangaza mradi wake wa programu uitwao GNU mwaka 1983, na leseni ya mradi huo iitwayo GPL ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, kilichokuwa kikilindwa ni haki ya mtu kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Leseni hiyo haisemi chochote kuhusu rekodi utakazoziingiza, wala kuhusu seva iliyokodiwa kwa jina la mtu mwingine. Zaidi ya hapo, Koha iko chini ya GPL toleo la 3, na mtaalamu akiiendesha kwenye seva yake ninyi mkaingia kwa kivinjari tu, hajawagawia nakala ya programu, kwa hiyo leseni haimlazimishi hata kuwapa marekebisho aliyoyafanya. Ni pengo hilohilo lililofanya iwepo leseni ya AGPL, ndugu yake GPL inayogusa pia programu inayotumiwa kupitia mtandao, ambayo toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2007, lakini si leseni ya Koha.

Hata wenye Koha wenyewe wamewahi kuonja jambo hili. Koha ilizaliwa mwaka 1999 katika maktaba za Horowhenua, nchini New Zealand, ambazo mfumo wao wa zamani usingeuvuka mwaka 2000; zikaipa kazi kampuni ndogo ya Katipo Communications, na Januari 2000 mfumo mpya ukaanza kufanya kazi, ukatolewa kwa GPL ili maktaba nyingine zitumie na kuuendeleza. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi inayobeba wajibu wa kurudisha fadhila. Hata hivyo, mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani ilikuwa ikitafuta kulisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara hukohuko New Zealand, na wenye maktaba walilazimika kupinga, wakiomba michango, mpaka maombi yale yakakataliwa. Msimbo wa programu ulikuwa huru muda wote huo, na bado jina lilihitaji kupiganiwa peke yake. Kwenu jina, anwani ya tovuti, seva na rekodi ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja lazima kiwe na karatasi inayosema ni cha chuo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaendelea kuirudia katika uzi huu hata nikichosha: katalogi si yenu mpaka muwe mmeitoa kwenye seva ya mtaalamu na kuirudisha, kwa mikono yenu, kwenye mashine ambayo yeye hajawahi kuigusa. Fanyeni hivyo mkiwa na vitabu mia moja tu, wakati kosa linagharimu alasiri moja. Mtaalamu awape faili mbili zinazotolewa na koha-dump, moja la hifadhidata na jingine la usanidi, yaani mipangilio ya mfumo. Chukueni kompyuta yenu, wekeni Debian, wekeni Koha ya toleo lilelile, kisha tumieni koha-restore. Toleo lina maana kubwa hapa, kwa kuwa Koha mpya hutoka kila Mei na Novemba, na hifadhidata iliyopandishwa kwenda toleo jipya haitakubalika kwenye la zamani. Msiishie kuhesabu rekodi. Tafuteni kitabu kwa jina, kwa sababu faharasa ya utafutaji ni kitu kingine mbali na hifadhidata na inaweza kukosekana huku rekodi zote zipo. Kisha mwazimeni mtu kitabu hicho na kukipokea. Jaribio hilo lirudiwe kila muhula, na afanye mtu wa maktaba, si mtaalamu.

Wapo watakaocheka hapa chini kwamba nina hofu iliyopitiliza, na ni kweli kwamba kila Ijumaa mimi hutembea na diski ya nje mkobani na kufungua faili mwenyewe kabla ya kwenda nyumbani. Wacheke. Mtu aliyewahi kuunguliwa na nyumba haombi radhi kwa kununua ndoo.

Akaunti ya seva na anwani ya tovuti ziwe kwa jina la chuo na zilipiwe na mhasibu wenu moja kwa moja, na nywila ya juu kabisa ikae kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Kumbuka pia kwamba kumbukumbu za nani ameazima nini ni taarifa binafsi za wanafunzi, na kwa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtwisha wajibu anayezikusanya. Seva ikitoweka, mwanafunzi hatamtafuta mtaalamu, atawatafuta ninyi.

Kuhusu swali lako la Debian au Ubuntu, chagueni Debian, kwa sababu vifurushi vya Koha hutengenezwa kwa ajili yake kwanza. Na kati ya kompyuta zile sita, ondoa moja leo, ifute, uiweke mezani kwako. Jumatatu mtaalamu akija na mkataba, mwambie alete faili mbili za katalogi ya mfano kwenye flashi na akae nje ya chumba, na kalamu ibaki mfukoni mpaka kitabu cha kwanza kionekane kwenye skrini ya mashine hiyo.