Mguu Uliokaa Mahali pa Mtoto: Kwa Wadogo Zangu Wanaoanza Mizizi ya Kigiriki na Kilatini

Jumanne jioni nilipita chini ya miembe ya Ujiji nikawakuta vijana watano wa Kidato cha Tano, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), wamezunguka karatasi moja iliyotolewa kopi mara nyingi hata herufi zake zimefifia. Mmoja alitaja mzizi, wenzake wakaitikia maana yake kwa sauti moja. Walipofika kwenye ped, waliitikia wote, "Mguu!", kisha wakasonga mbele. Mimi sikuweza kusonga. Niliketi nao mpaka giza lilipoingia, na haya ninayoyaandika ni yale niliyowaambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka nilipokuwa njiani kurudi Mwanga.

Kwanza, wadogo zangu, msianze na orodha. Anzeni na kitu mnachokijua, kisha mtafute mzizi uliomo katika jina lake. Nendeni mwaloni Kibirizi, pale Ziwa Tanganyika, asubuhi, mshike samaki aitwaye kuhe aliyetoka majini sasa hivi, mpitishe kidole ubavuni mwake kuanzia mkiani kuelekea kichwani. Magamba yake ni madogo na yamebanana, kinyume na mnavyotarajia kwa samaki mkubwa kiasi kile wa jamii moja na sato. Jina lake la kisayansi ni Boulengerochromis microlepis, na hiyo sehemu ya pili ni Kigiriki: mikros ni kitu kidogo, lepis ni gamba. Mwanafunzi aliyegusa ubavu ule hahitaji kukariri lepis, na siku atakapokutana na Lepidoptera katika Baiolojia ataelewa kwamba vipepeo wameitwa wenye mabawa ya magamba. Mmoja wa dagaa wetu naye anaitwa Limnothrissa, kutokana na limne, yaani ziwa. Mmekula Kigiriki na ugali tangu utotoni.

Pili, majina ya tamathali za semi yenyewe ni maelezo ya tamathali hizo, lakini kila mwaka naona wanafunzi wakikariri jina peke yake na fasili peke yake, kana kwamba havina undugu. Tashibiha asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kufananisha. Sitiari nayo imetoka Kiarabu, lakini maana yake ni kuazima. Tafakarini tofauti hiyo kabla ya kugusa kitabu chochote cha maswali. Nikisema mzee yule ni kama mwamba, mzee na mwamba wamesimama bega kwa bega na kila mmoja amebaki na jina lake, ila nikisema mzee yule ni mwamba, nimeliazima jina la mwamba nikamvika mzee. Wagiriki waliiona sitiari kwa namna nyingine: neno lao metaphora limejengwa na meta, ambayo hapa inabeba maana ya kuvusha, na pherein, yaani kubeba. Waarabu wanaazima, Wagiriki wanavusha mzigo, na mwanafunzi mwenye picha zote mbili kichwani hawezi tena kuichanganya sitiari na tashibiha.

Mubalagha, yaani kutia chumvi, kwa Kigiriki ni hyperbole: hyper ni kupita juu, ballein ni kutupa. Mtu ametupa jiwe likapita shabaha kwa makusudi. Kitenzi hichohicho cha kutupa kimo katika neno umetaboli mnalolisoma katika Baiolojia, na kimo pia katika symbolon, ambayo ilikuwa alama iliyovunjwa vipande viwili ili wenye vipande hivyo watambuane kwa kuviunganisha. Mzizi mmoja ukiushika vizuri unakufungulia masomo matatu. Na kuhusu hyper, juu, na hypo, chini, nasema neno moja tu: yaandikeni pamoja kila mara, kwa sababu yanakaribiana kwa sauti na yanapingana kwa maana.

Tatu ni huo mguu.

Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, mwaka wangu wa mwisho wa chuo, katika shule moja ya sekondari mkoani Tabora. Nilikuwa na bidii nyingi na nilipenda sana maneno. Siku moja nikiwa Kidato cha Tatu nilichora ubaoni baiskeli, nikaonyesha pedeli yake, nikaeleza kwamba Kilatini pes, katika umbo la pedis, ni mguu. Hapo nilikuwa sahihi. Wanafunzi walifurahi, nami furaha yao ikanipeleka mbali. Nikaongeza kwamba pedagojia, taaluma ya ualimu, imetokana na mzizi huohuo, kwa kuwa mwalimu wa kale alifundisha akitembea na wanafunzi wake. Sikuwa nimelisoma hilo popote. Nililitunga palepale nikiwa na chaki mkononi, nalo likatoka likiwa limekamilika na zuri.

Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye mama yake alikuwa muuguzi, alinyoosha mkono. Akasema, "Samahani mwalimu, mama huwa anasema daktari wa pediatria ni daktari wa watoto. Na huyo ni wa mguu?" Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa katika wiki zangu nane pale. Jibu la haki lilikuwa rahisi: sijui, nitatafuta, kesho nitakuletea. Mimi nikajibu kwamba mtoto ndiye anayejifunza kutumia miguu, ndiyo maana. Darasa likaridhika. Yeye alinitazama kidogo, akaandika nilichosema, akafunika kalamu yake. Hakuninyooshea mkono tena mpaka nilipoondoka.

Ukweli niliukuta wiki mbili baadaye katika kamusi ya maktaba. Kigiriki pais, katika umbo la paidos, ni mtoto. Paidagogos alikuwa mtumwa wa nyumbani aliyemsindikiza mtoto kwenda kwa mwalimu, kutokana na agein, kuongoza. Warumi waliandika ai ya Kigiriki kama ae, baadaye ikafupishwa ikawa e, na hivyo mtoto wa Kigiriki na mguu wa Kilatini wakajikuta wamevaa herufi zilezile. Mguu wa Kigiriki ni pous, podos, nao mnaukuta katika Arthropoda, viumbe wenye miguu ya viungo. Yule binti alikuwa na ufunguo wa jambo lote mkononi mwake, nami nilimpokonya.

Nilirudi darasani nikasahihisha. Niliwaomba wafute, nikamtaja kwa jina mbele ya wenzake kwamba alikuwa amelijua kabla yangu. Alitabasamu kwa adabu. Lakini nilikuwa nimelifundisha somo lilelile katika mkondo mwingine, na huko nilikuwa nimemaliza vipindi vyangu, mitihani ya utamilifu imeanza, madaftari yamekusanywa. Kosa langu liliendelea kukaa katika madaftari yale kwa mwandiko safi wa watoto wa watu. Ni miaka kumi na miwili sasa, na bado linaniuma.

Ndiyo sababu nawasihi mgawe ukurasa wa daftari safu mbili: ninayoyajua na ninayoyakisia. Neno lisitoke safu ya pili kwenda ya kwanza kabla hamjalikuta katika kamusi, hata kama ukisiaji wenu ni mzuri kiasi gani.

Nne, mzizi huwaambia aliyekipa kitu jina alifikiri nini, wala si lazima alifikiri sawa. Lavoisier, mkemia wa Kifaransa, aliunda jina la oksijeni kutokana na oxys, kikali au kichachu, na gen, kuzaa, akiamini kwamba kila asidi ina gesi hiyo. Asidi ya chumvi haina. Malaria ni hewa mbaya kwa Kiitaliano, na sote tunamjua mbu.

Tano, katika mtihani msiishie kutaja. "Ziwa limepewa sifa ya binadamu, kwa hiyo ni tashihisi" ni nusu ya jibu. Chukueni sentensi kama "Ziwa lilikunja uso, baba akaurudisha mtumbwi", muiandike upya bila tamathali, "Kulikuwa na mawimbi, baba akaurudisha mtumbwi", kisha mseme kilichopotea. Hofu ya baba kwa ziwa analolijua kama mtu anavyomjua jirani mkali imeondoka. Hiyo ndiyo dhima, yaani kazi ya tamathali, na ndiyo inayotafutwa.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa chini ya mwembe uleule na kamusi mbili. Ile karatasi ya kopi muiache nyumbani. Kila mmoja aje na maneno matano kutoka madaftari ya masomo mengine, na tutaanza na neno ambalo mimi silijui.