Kuutafuta ukoo wa walowezi wa Marekani: maswali yenu

Nimeolewa Nebraska. Mama mkwe ana Biblia kuukuu yenye majina ya wazee wa mume wangu. Nataka wanangu wajue asili yao. Nianzie wapi?

Anza na mama mkwe mwenyewe, wiki hii, angali na kumbukumbu. Muulize nani alizikwa wapi na nani aliitwa kwa jina la nani. Kisha panda kizazi kimoja kimoja. Ukianzia kwa mlowezi wa kwanza ukashuka, utajikuta kwenye ukoo wa watu wengine.

Ifungue Biblia katikati, kati ya Agano la Kale na Jipya, ndipo familia nyingi zilipoandika waliozaliwa na waliofariki. Halafu tazama mwaka ilipochapwa. Kama ni 1870, na watoto wa 1820 wameandikwa kwa wino uleule na mwandiko uleule, basi mtu alikaa siku moja akayaandika yote kwa kukumbuka. Yana thamani, ila yanahitaji shahidi wa pili.

Nimemfuata babu kwenye sensa hadi 1850. Nyuma ya hapo naona jina la mwanamume mmoja tu. Wengine wako wapi?

Wamo, lakini kama hesabu. Sensa za 1790 hadi 1840 zilitaja mkuu wa kaya peke yake, wengine wakahesabiwa kwa makundi. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina, na 1880 ndipo ilipoelezwa huyu ni mke, huyu mwana, huyu mkwe. Ya 1890 karibu yote imepotea, kwa sababu ya moto uliozuka Washington Januari 1921. Kwa hiyo binti aliyezaliwa 1882 akaolewa 1899 huenda usimwone hata mara moja nyumbani kwa wazazi wake. Kwa Nebraska kuna sensa ya 1885, itafute.

Wazee husema serikali iliwapa shamba bure. Kuna ushahidi?

Hapa ndipo penye utamu. Sheria aliyotia saini Rais Lincoln Mei 1862 ilitoa ekari 160 kwa ada ndogo, kwa masharti ya kujenga, kulima na kukaa miaka mitano. Ili apewe hati, mlowezi alileta mashahidi wakaeleza alichofanya. Faili la Daniel Freeman, aliyejiandikisha karibu na Beatrice, Nebraska, tarehe 1 Januari 1863, linataja nyumba ya futi 14 kwa 20, milango miwili, madirisha mawili, miti 40 ya tufaha na mipichi karibu 400. Unamwona mtu na ua wake! Mhamiaji aliambatanisha pia karatasi za uraia.

Hati yenyewe hupatikana bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu. Faili zima liombe Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Na waambie wanao kwamba pale Beatrice ilikuwa nchi ya Waotoe na Wamissouria, wenyeji wa asili, waliotia saini mkataba wa kuitoa mwaka 1854.

Jina la ukoo limeandikwa kwa namna tatu. Lipi sahihi?

Yote. Karani aliandika alichosikia. Litamke kwa sauti, kisha soma majirani kwenye orodha ya sensa, nyumba kumi juu na kumi chini. Watu walihama na ndugu na wakwe zao, na mara nyingi jina la kwao bibi liko shamba la pili.

Ukoo wa mke wangu ni Wamarekani weusi waliohamia Nicodemus, Kansas, kutoka Kentucky. Tumekwama 1870.

Ukuta huo unauma, na si kosa lenu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa watumwa. Orodha za 1850 na 1860 zinatoa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana aliyewamiliki.

Nicodemus ilianzishwa 1877, kwa hiyo watafuteni Kentucky kabla ya hapo. Benki ya watu walioachwa huru, iliyodumu 1865 hadi 1874, ilikuwa na tawi Lexington. Mteja aliulizwa majina ya wazazi na ndugu zake, hata waliouzwa mbali, na mara nyingine jina la bwana wake wa zamani. Mkilipata jina hilo, tafuteni wosia wake na orodha ya mali yake mahakamani: humo watumwa waliandikwa kwa majina.