Mwacheni mama achambue maharage

Jumamosi nilikaa nyuma ya darasa tunalofanyia mazoezi ya maigizo hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nikamsikia kijana mmoja akipaza sauti: "Naondoka, na sirudi tena!" Kisha akabaki palepale, mikono mifukoni, akingoja ajibiwe. Akajibiwa. Wakajibizana dakika mbili nzima, na aliyeondoka hajaondoka. Nilicheka, nikaudhika, halafu nikajikumbuka. Basi wadogo zangu mliojiunga mwezi huu, shikeni haya kabla hatujabeba ngoma kwenda sokoni.

1. Ukisema unaondoka, ondoka. Ukishindwa, tuone kinachokuzuia: mtoto kang'ang'ania nguo, kiatu kimoja hakionekani, mvua. Mdomo na miguu vikipingana ni mchezo mtamu, ila iwe umekusudia.

2. Skripti mliyoniletea ina mzee mwenye methali saba katika ukurasa mmoja. Mzee gani huyo, jamani? Shangazi yangu, mzaliwa wa Bombo aliyelelewa kwa Kinubi na Kiswahili, sijawahi kumsikia akimaliza methali. Hutazama sahani nilizoacha bila kuosha, husema "Asiyesikia la mkuu..." na kuendelea kumenya vitunguu. Guu nalivunja mwenyewe. Ile nusu aliyoimeza ndiyo inayouma. Andikeni nusu ya kwanza tu. Watu wa sokoni wataimalizia kwa sauti, na hapo mmeshawapata.

3. Kimya. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa na miaka 22, mgeni kama ninyi, na kifua mbele kuliko ninyi. Nilicheza shemeji aliyeuza shamba la marehemu kaka yake, sasa anakuja kumpasha mjane habari. Mjane alikuwa mama mmoja aliyetuzidi sote umri, ameketi mkekani na ungo wa maharage mapajani. Nikasema mstari wangu: "Shamba nimeshaliuza." Kwenye mazoezi alikuwa akinijibu papo hapo. Siku hiyo hakujibu. Aliokota haragwe, akalitazama, akaliweka kando. Akaokota jingine. Akapata jiwe, akalitupa. Likagonga debe, ngaa! Wenye bodaboda walikuwa wamezima pikipiki. Jamaa wa rolex, zile chapati za mayai, aliacha chapati ikaungua, moshi wake tukauona wote.

Na mimi? Jasho hadi viatuni. Kichwani nina wazo moja tu: mama kasahau mistari, nisipookoa onyesho limekufa. Nikapanua mikono, nikamwambia kwa sauti ya mhubiri wa stendi: "Shemeji, kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Soko likaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Sasa si umwache apate huo mshindo, ssebo!" Mama akasema mstari wake, tukaburuzana hadi mwisho, tukapigiwa makofi ya huruma. Hakuwa amesahau chochote. Alikuwa anaamua, mbele ya watu wote wale, kama atanirushia ungo au atanipikia chakula, na soko zima lilikuwa linaamua pamoja naye. Mimi nikawakatiza kwa kuogopa sekunde kumi. Tena nikawakatiza kwa methali inayosifu kimya! Hadi leo nikiisikia kwenye hotuba, masikio hunichemka.

Tulipokuwa tunapakia vitu kwenye pikapu nilisubiri kutukanwa. Hakunitukana. Alinikabidhi ungo, maharage yakiwa nusu hayajachambuliwa, akaenda kunawa. Nikakaa juu ya kreti ya soda, nikachambua hadi giza likaingia na mawe nikawa nayatafuta kwa vidole. Alipoupokea ungo aliutikisa mara moja, akasema, "Bado kuna mawe mawili." Yalikuwemo.

4. Someni waliotutangulia. Mwaka 1974, enzi za Amin, Robert Serumaga, mtunzi wa michezo wa hapa Uganda, alitoa Amayirikiti, mchezo usio na maneno. Miili ndiyo iliyobeba habari za mauaji. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mtunzi wa Kiganda na kiongozi wa sanaa katika Jumba la Maonyesho la Taifa pale Kampala, alitekwa akauawa, muda mfupi baada ya kurudi na mchezo wake kutoka tamasha la sanaa la FESTAC, Lagos, Nigeria. Halafu wewe unaniambia kimya kinaboesha.

5. Mistari iwe kichwani kufikia Jumatano. Sokoni hakuna maikrofoni, tumieni tumbo. Maji kila mtu aje na yake. Na aliyekula vitumbua vya mama katika onyesho la kwanza, tukabaki na sahani tupu kwa la pili, anajijua.

6. Mwisho wa mwezi tunaurudia ule mchezo wa mjane. Shemeji atakuwa yule kijana wa "naondoka". Mjane ni mama yuleyule, na ungo ni uleule. Kijana ameniuliza mara tatu mama atanyamaza kwa muda gani, ajiandae. Sijamjibu.