Tunazoa, zinarudi: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu zimetoka Unguja na Pemba, na karibu zote zinaishia baharini. Ndivyo ilivyo kisiwani: tunachokitupa hakina pengine pa kwenda.

Kila Jumamosi vijana wa hapa Jambiani tunasafisha pwani. Ikifika Jumatano taka zimerudi. Kuna faida kweli?

Ipo, mwanangu, ila ongezeni kazi moja. Nyengine zinaletwa na maji kutoka mbali na hizo hamtazimaliza. Kabla ya kufunga magunia, hesabuni: chupa za maji ngapi, kandambili ngapi, vipande vya nyavu vingapi. Andikeni kwenye daftari. Mwezi ukiisha mtajua kipi kimeletwa na bahari na kipi kimetoka madukani kwenu na hotelini. Hapo mwendeeni sheha, kiongozi wa shehia yenu, kisha meneja wa hoteli, mkiwa na hesabu mkononi, mumuulize kwa nini asiweke dumu kubwa wageni wakajazia chupa zao.

Si mifuko ya plastiki ilikatazwa? Mbona Darajani bado natiliwa samaki kwenye mfuko?

Zanzibar iliikataza tangu 2006. Bara marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, miaka mingi baada yetu. Sheria tunayo, kikapu cha ukili tumekiacha nyumbani. Kesho nenda nacho, na mwuzaji akinyoosha mkono kuchukua mfuko, mwambie hapana.

Kamati inataka kuufunga mwamba wetu miezi mitatu ili pweza wakue. Mimi ni mjane, nachokoa pweza kila bamvua, maji yakitoka mbali, nisomeshe watoto. Nile mawe? (Mama, kusini Pemba)

Bi mkubwa, barua yako nimeirudia mara nyingi. Pweza hukua upesi mno, na umri wake ni kama mwaka mmoja tu. Jike hutaga mara moja maishani, akayalinda mayai pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Ukimtoa mdogo, umemtoa pamoja na kizazi chake. Ndiyo maana hata miezi michache ya kumwacha huonekana kwenye mizani, na ndiyo maana wenzenu wa Kisiwa Panza walikubali kufunga sehemu ya mwamba wao.

Nimesema sehemu. Mwamba wote usifungwe. Pabaki pahala pa wanaokwenda kwa miguu kama wewe. Ninachokihofia zaidi ni siku ya kufungua, wanaume wenye miwani ya kuzamia na vyombo watangulie, nyinyi mkifika mkute mapango matupu. Kwa hiyo usisusie kikao. Nenda na wenzako, mdai wanawake wawemo kwenye kamati, na siku ya kufungua muingie mwanzo. Kampeni inayomwambia maskini asubiri huku mwenye boti anavua, mimi siiungi mkono, hata ikiitwa ya kulinda bahari.

Namuoza mwanangu mwezi ujao. Wakwe wanataka kila mgeni, na ni mia nne, apewe chupa yake ndogo ya maji. Nikikataa nitaonekana bakhili.

Wageni mia nne ni chupa mia nne, na nyingi zitaachwa nusu. Mwenyezi Mungu ametuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu (Al-A'raf, aya ya 31). Azima madumu yenye bomba na bilauri za majirani, weka vijana wa kugawa. Fedha itakayobaki iongezwe kwenye pilau. Mwambie mkweo sasa, kwa heshima, kabla mambo hayajalipiwa.

Usiku nimeona gari likimwaga taka kwenye mikandaa (mikoko) hapa Chwaka. Nimkabili dereva?

Usimkabili. Andika namba ya gari, saa na mahali, asubuhi piga picha, mpelekee sheha, na nakala ipeleke Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Usichelewe: kwenye mizizi ya mikandaa hiyo ndiko wanakokulia samaki wadogo na kaa wa ghuba yenu, na sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004. Wiki mbili zikipita hujajibiwa, niandikie tena, twende pamoja.