Mkuu, usilipe kabla kava la chini la laptop halijafunguliwa mbele ya macho yako

Hiyo hela ibaki mfukoni kwanza. Soma hapa halafu uamue.

Umeuliza kati ya HP, Dell, Lenovo na Mac ipi iko vizuri kwa programu, kwa uimara na kwa kutengenezeka, bajeti milioni moja na laki mbili. Wadau wameshaanza kurushiana maneno hapo juu kama Simba na Yanga. Mimi macho yamegota kwenye sentensi yako ya mwisho: umeona moja nyembamba Kariakoo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, unaenda kuilipia kesho, na muuzaji kakwambia "chukua tu, RAM utaongeza baadaye".

Hiyo "utaongeza baadaye" nimeshaila mimi. Hasara yake naijua.

Natengeneza hesabu za wafanyabiashara wadogo: ritani za VAT, mishahara ya wafanyakazi, vitu kama hivyo. Nilitaka mashine nyepesi ambayo haitanivunja bega kwenye daladala. Kijana wa dukani, shati limepigwa pasi, Kiingereza kingi, akanishikisha moja nyembamba mpaka nikaona aibu na begi langu. Nikamuuliza RAM inaongezeka? Inaongezeka. Una uhakika? Akaapa kabisa, tena bila kuulizwa kiapo. Nikahesabu noti.

Nilipojipanga nikarudi kuongeza. Fundi wao akafungua kava, akachungulia, akalifunga palepale. RAM imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Hakuna pa kuchomeka kitu. Namgeukia yule kijana, anamuuzia mama mwingine mashine ya aina ileile, ananijibu bila kuniangalia, "za kisasa ndivyo zilivyo braza". Kumbe alikuwa anajua! Na wale wa kurekodi video za kufungua maboksi nao wana dhambi yao: dakika ishirini za kusifia rangi na wembamba, bisibisi haijatokea hata mara moja.

Lakini RAM ilikuwa ni kero tu. Mtu unaweza kuishi na laptop inayotafakari kabla ya kufungua Excel. Kilichonimaliza ni kwamba kwenye mashine ile hata hifadhi, yaani pale zinapokaa faili, ilikuwa imechomelewa kwenye bodi. Sikuuliza, kwa sababu sikujua kama ni kitu cha kuuliza.

Umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira kama kawaida yake. Mashine kimya. Chaja haipeleki moto. Na ritani ya VAT mwisho tarehe 20, ndiyo wiki yenyewe hiyo. Nikakimbilia kwa fundi, nikamwambia laptop sina shida nayo, itupe ukitaka, nipe faili zangu tu. Akanitazama kwa huruma kabla hajanieleza. Laptop yenye SSD (diski ya kuhifadhia faili) ya kuchomoa, bodi ikifa unafungua skrubu moja, unaitoa SSD, unaiweka kwenye kasha la USB, unaichomeka kwenye kompyuta nyingine. Kama ilifungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, inakuomba ufunguo, unauandika, unakunywa chai. Ya kwangu hifadhi ni chipu zilizokaa kwenye bodi ileile iliyokufa. Faili hazisomeki mpaka bodi ifufuke kwanza, hata kama unachotaka ni karatasi moja ya mishahara.

Nikapelekwa kwa mtaalamu mwingine mwenye hadubini. Akasema kuna kapasita imepiga shoti kwenye njia ya umeme, kazi ndogo, akawasha hita. Niliporudi bodi ilikuwa na doa jeusi pembeni na mtaalamu hana maneno. Mazabodi nyingine? Bei yake ukiongeza kidogo unapata laptop nzima, na ingekuja na hifadhi yake tupu. Faili zangu zingebaki kwenye ile ya doa.

Najua kuna mjuaji anaandika sasa hivi "ungekuwa na bakapu". Nilikuwa nayo, mkuu. Folda iliitwa BAKAPU MUHIMU USIFUTE. Ilikuwa kwenye laptop hiyohiyo. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Nikaanza kuingiza hesabu upya kutoka kwenye risiti za EFD, zile mashine za kodi. Zile karatasi zinachapwa kwa joto, zikikaa juani zinafutika. Mteja wangu wa vifaa vya ujenzi alikuwa anazitunza kwenye kopo la rangi dirishani. Nyingine nilizisoma kwa kuzilaza chini ya tochi ya simu, nyingine zilikuwa karatasi nyeupe tupu, nikabaki kumpigia mtu kumuuliza mwezi ule ulinunua saruji mifuko mingapi. Kuna mteja alihamia kwa mhasibu mwingine. Simlaumu.

Mtaniuliza ni brand gani. Sitaji, na haikusaidii, kwa sababu mashine ninayoandikia sasa ni ya kampuni ileile na inafunguka vizuri tu. Nembo ya kwenye kava haikwambii kitu. Chukua Lenovo: ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, SSD inachomoka, na betri ya nyuma unaitoa kwa vidole. Ongeza herufi moja, T480s, RAM moja imechomelewa na imebaki nafasi moja. Nenda X1 Carbon, RAM yote imechomelewa. Kampuni moja hiyo! Dell Latitude 7490 ina nafasi mbili, XPS 13 haina hata moja. HP EliteBook 840 G5 nafasi mbili, EliteBook x360 1030 hakuna. MacBook Air kuanzia ya 2018, RAM na hifadhi vyote ni vya kuchomelewa, kwa hiyo ukiichukua chukua yenye ukubwa utakaokutosha mpaka siku inakufa. Surface Laptop ya kwanza ya 2017 ndiyo kiboko: iFixit, wale wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa, waliipa 0 kati ya 10, kwa sababu huwezi kuifungua bila kuiharibu.

Kwa milioni na laki mbili ningeangalia mtumba wa maofisini, T480, Latitude 7490 au 840 G5. Nyingi ni Intel kizazi cha 8, ila zipo za kizazi cha 7, hakikisha yako ni ya 8. Usishuke chini ya hapo, maana Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali karibu zote za nyuma. T480 nayo ina ugonjwa wake kwenye tundu la USB-C, hakikisha apdeti ya Thunderbolt (programu ya ndani ya tundu hilo) imewekwa kabla tundu halijafa.

Kesho ukifika dukani, mashine ikiwa inawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda kwenye utendaji (Performance), fungua memori (Memory), tafuta mstari wa "Form factor". Ikiandika "Row of chips", hiyo imechomelewa, mshukuru muuzaji uondoke. Ikiandika SODIMM (RAM ya kuchomeka) usishangilie bado, zipo mashine zinazodanganya hapo. Mwambie afungue kava. Ataleta visingizio vya waranti, lakini mtumba wa Kariakoo una waranti gani ya kulinda? Akikataa, ingia duka la pili, yako mengi. Lenovo, Dell na HP wote wameweka mtandaoni bure miongozo ya kufungua mashine zao, andika jina la modeli na neno "service manual" utaona picha ya kila skrubu kabla hujatoka nyumbani.

Na kama umeshaacha advansi, usikubali kuambiwa hairudi. Mwambie akubadilishie modeli kwa hela hiyohiyo, duka linanufaika vilevile. Niandikie jina kamili la modeli na namba zake zote, hata herufi ya mwisho, nitaangalia usiku huu.